KABLA YA KUHESABU KOMPYUTA, TUHESABU WALIMU



Chama cha wafanyakazi kina kazi yake inayojulikana: mshahara, saa za kazi, fidia ya aliyeumia, buti na glavu. Basi wengine watauliza, kwa nini leo ukurasa huu unazungumza habari za shule? Jibu letu ni fupi. Mkata miwa wa Busia, mbeba mifuko wa saruji wa Tororo na mchuma chai wa Nandi, wote wakipokea mshahara, fungu kubwa huenda shuleni. Hata pale panapoitwa elimu ya bure, Uganda tangu 1997 na Kenya tangu 2003, bado kuna sare, madaftari, chakula cha mchana, pesa za mtihani na michango isiyokwisha. Kinachofanyika darasani kinafanyika kwa jasho letu. Tuna haki ya kuuliza kinakwendaje.

Hapa Masafu, kama huko Funyula ng'ambo ya mpaka, siku hizi kuna ahadi moja inayotujia kutoka kila upande. Mgombea kura anaisema, mfadhili anaisema, kampuni inaisema: "Tutawaletea watoto wenu kompyuta." Watu hupiga makofi. Nani hataki mtoto wake ajue kompyuta? Sisi hatusemi kompyuta ni mbaya. Tunasema jambo moja tu, na tunaomba kila tawi lilijadili: mashine yoyote inayoingia shuleni iingie pamoja na mtu wake. Mtu huyo ni mwalimu aliyefundishwa kuitumia, na mkutubi, yaani mtunza maktaba, anayejua kukitafuta kitu kilichomo ndani na kumpa mtoto anayekihitaji. Na mtu huyo awe ameajiriwa na analipwa. Mashine ikija peke yake ni sanduku tu.

Sisi wa viwandani jambo hili halitushangazi. Hakuna tajiri anayenunua boila mpya akaiacha bila fundi. Anajua italipuka au italala. Atatafuta fundi, atatafuta spea, atamweka mtu wa zamu ya mchana na mtu wa zamu ya usiku. Iweje basi mashine ya kiwanda ipewe fundi, na mashine ya mtoto wa mfanyakazi ipewe kufuli?

KAZI AMBAYO HAIANDIKWI KATIKA KARATASI

Tutazame kwanza mwalimu anafanya nini. Mtoto wa darasa la kwanza wa hapa kwetu anatoka nyumbani na Lusamia. Jirani yake ana Ateso. Akienda kukaa kwa shangazi Tororo atakuta Dhopadhola. Kiswahili anakisikia sokoni na mpakani, na Kiingereza anakikuta kitabuni. Mwalimu wa madarasa ya chini ndiye daraja. Anaanza na neno la nyumbani, anamvusha mtoto taratibu mpaka neno la kitabuni. Uganda ilikwisha kuliona hilo, na tangu 2007 mafunzo ya madarasa matatu ya kwanza yalipangwa yafundishwe kwa lugha ya mahali. Mashine nyingi zinazoletwa zinasema Kiingereza tu. Mtoto asiyeelewa atabonyeza mpaka picha ibadilike, naye mgeni atasema, "Tazama, anajua!"

Tena mwalimu humwona mtoto. Huona nani hajala tangu jana. Hujua nani mama yake amelazwa hospitali ya Masafu, na nani ameanza kukosa shule kila siku ya mnada. Huona uso wa asiyeelewa, akarudia somo kwa njia nyingine. Hayo hayaandikwi popote wala hayalipwi ziada, lakini yakikosekana, mtoto hupotea huku jina lake bado limo katika daftari.

Mkutubi naye tumezoea kumdhania ni mtu wa kusema "Nyamazeni!" Sivyo. Mkutubi ni mtu anayejua kilichomo ndani ya kila kitabu chake, na anajua ni nani anakitaka kabla mwenyewe hajajua kukiomba. Huko Garissa, kaskazini mwa Kenya, shirika la maktaba la taifa lilianza mwaka 1996 kupeleka vitabu kwa ngamia katika vijiji vya wafugaji visivyofikiwa na gari. Ngamia watatu walibeba hema na masanduku ya vitabu vipatavyo 400. Watu waliwasifu ngamia, na picha zao zilienea dunia nzima. Lakini aliyefungua sanduku, akatandika mkeka, akampa mtoto kitabu kinachomfaa, akaandika jina lake na kurudi siku aliyoahidi, ni mkutubi. Bila yeye ngamia angebeba chumvi.

Katika shule nyingi zetu mtu wa namna hii hayupo. Vitabu viko stoo kwa mwalimu mkuu. Ufunguo umepewa mwalimu ambaye tayari ana darasa la watoto 80, na anaambiwa maktaba ni kazi yake ya ziada. Hana saa ya kuifungua, basi inabaki imefungwa. Na siku kompyuta zikija, zitawekwa humo humo, na ufunguo atapewa yeye yule.

REDIO YA 1973

Tusidhani kwamba wazee wetu hawakukutana na mambo haya. Mashine mpya ya zama zile ilikuwa redio. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya afya kwa watu wazima iliyoitwa Mtu ni Afya. Ilidumu majuma 12. Vipindi vilitangazwa redioni, na watu wapatao milioni 2 walishiriki: wakulima, wafanyakazi, akina mama wa vijijini. Wakachimba vyoo, wakafyeka majani karibu na nyumba, wakasafisha maji ya kunywa.

Je, redio peke yake ndiyo iliyofanya hivyo? Hasha. Kabla ya kipindi cha kwanza kusikika, walifundishwa viongozi wa vikundi wapatao 75,000. Kila kikundi kilikuwa na mtu wake na vijitabu vyake. Redio ikisema, kikundi kinasikiliza. Ikinyamaza, kiongozi anauliza: "Sasa sisi hapa tutafanya nini?" Kazi ilianza redio iliponyamaza. Nchi maskini ilijua kwamba sauti husafiri kwa redio, lakini watu huamshwa na mtu.

BUSIA ILIVYOWAFUNDISHA WATAALAMU

Jambo la pili limetokea hapa hapa kwetu, na wengi wetu hatulijui. Katika miaka ya 1990 shirika moja la Kiholanzi lilikuwa likisaidia shule za wilaya za Busia na Teso za Kenya, ambazo leo ziko katika Kaunti ya Busia. Wataalamu wa uchumi kutoka Marekani, akiwamo Michael Kremer, wakasema: Tusibahatishe, tupime. Wakachagua shule kwa kura, nyingine zikapata msaada na nyingine zikangoja zamu, kisha wakalinganisha.

Walianza na vitabu. Mwaka 1996 shule 25 kati ya 100 zilipewa vitabu vya kiada. Kila mtu alitegemea alama zipande. Hazikupanda kwa watoto wa kawaida. Waliofaidika ni wale waliokuwa mbele tangu zamani. Kwa nini? Vitabu vilikuwa kwa Kiingereza, na kwa watoto wengi wa huku hiyo ni lugha ya tatu. Wengi hawakuweza kuvisoma wenyewe.

Wakajaribu chati za kutundika ukutani, zenye picha za sayansi, hesabu, afya na jiografia. Shule 89 zilipewa, nyingine 89 hazikupewa. Matokeo? Hakuna tofauti iliyoonekana katika mitihani.

Kilichosaidia ni kitu kisichovutia macho: dawa ya minyoo. Katika jaribio lililohusu shule 75, kuanzia 1998, kukosa shule kulipungua kwa karibu robo. Mtoto mzima wa mwili alifika darasani. Mwaka 2019 Kremer na wenzake wawili, Abhijit Banerjee na Esther Duflo, walipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa kazi ya kupima mambo kwa njia hii. Dunia ikapiga makofi. Sisi wa Busia tuliokuwa shamba la majaribio tujiulize: Je, somo tulilichukua? Kitabu kizuri, kikikosa mtu wa kumvusha mtoto, kilimsaidia aliyekwisha kuvuka. Sasa weka kompyuta mahali pa kitabu, kisha ujibu mwenyewe.

VISHIKWAMBI VYA 2016

Katika uchaguzi wa 2013 wananchi wa Kenya waliahidiwa kompyuta ya mkononi kwa kila mtoto anayeingia darasa la kwanza. Zabuni ya kwanza ilivunjika kwa kesi na malalamiko. Mwaka 2016 ndipo vifaa vilipoanza kugawiwa, si kompyuta tena bali tableti, ambazo watangazaji huziita vishikwambi. Kila shule ilipata pia kompyuta za walimu, projekta na mashine ya kuhifadhi masomo. Watoto wasioona nao walitengewa vifaa vyao maalumu, na hilo ni jema. Kwa jumla vilitolewa vifaa zaidi ya milioni 1, kwa shule za msingi zaidi ya 20,000.

Katika nchi yenye maskini wengi hilo si jambo dogo, na hatulidharau. Lakini kilichofuata kinajulikana kwa mzazi yeyote wa upande ule. Walimu walifundishwa kwa siku chache, wengi kisha wakahamishwa. Vifaa vilipoharibika, fundi alikuwa mbali. Katika shule nyingi viliwekwa stoo, milango ikatiwa vyuma kwa kuogopa wezi, na mtoto akaviona siku ya wageni. Pesa za kununua zilipatikana, lakini pesa za mtu wa kukaa navyo kila siku hazikuwamo.

Ilhali jibu lilikwisha kupatikana Kisumu, mwendo wa saa chache tu kutoka mpakani. Huko, katika mpango wa kusoma wa madarasa ya chini, zilijaribiwa njia tatu. Shule za kundi moja, tableti alipewa ofisa anayezunguka kuwashauri walimu. Kundi la pili, alipewa mwalimu. Kundi la tatu, kila mtoto alipewa kifaa chake cha kusomea vitabu. Shule zote zilikuwa na vitabu, na walimu wote walifundishwa na kutembelewa. Matokeo yalitolewa mwaka 2016. Watoto wa makundi yote walisoma vizuri zaidi kuliko shule zisizokuwa katika mpango. Lakini vifaa vya watoto, vilivyo ghali kuliko vyote, havikushinda ile njia ya kumpa ofisa mmoja tableti moja. Nguvu ilikuwa kwa mtu anayefika darasani, anakaa nyuma, anasikiliza, kisha anamwambia mwalimu: "Hapa umefanya vizuri, hapa tujaribu hivi."

NYAPARA WA MFUKONI

Sasa tufike mahali ambapo sisi wa chama tunapaswa kufungua macho zaidi. Kuna watu wanaosema waziwazi kwamba mashine itapunguza gharama ya mwalimu. Wenzetu wa mashamba ya chai wanaifahamu lugha hiyo. Mashine za kuchuma chai zilipoingia Kericho, zilikuja kwa jina la maendeleo, na mikono mingi ikaachwa bila kazi. Mei 2023 hasira ililipuka na mashine zikachomwa moto. Hatusifu moto. Tunasema tu kwamba anayeleta mashine bila kuzungumza na wenye mikono anapanda ugomvi.

Shuleni mambo yalikuja kwa njia nyingine. Kampuni ya Bridge International Academies ilifungua shule yake ya kwanza Mukuru, Nairobi, mwaka 2009, ikaenea Kenya, ikaingia Uganda na nchi nyingine. Mtaalamu aliandika somo mbali, neno kwa neno, likatumwa katika kifaa, na mwalimu akasimama mbele ya watoto akilisoma. Kifaa hicho hicho kilihesabu amefika saa ngapi na amefika ukurasa gani. Ni nyapara wa mfukoni! Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 na chama cha walimu cha KNUT pamoja na shirikisho la vyama vya walimu duniani ulieleza kwamba wengi wa walimu hao hawakuwa wamesajiliwa, walifanya kazi karibu saa 60 kwa wiki, na mshahara ulikuwa karibu dola 100 kwa mwezi.

Mambo yakafika mahakamani pande zote mbili za mpaka. Novemba 2016 Mahakama Kuu ya Kampala iliunga mkono amri ya Wizara ya Elimu ya kuzifunga shule hizo Uganda. Februari 2017 Mahakama Kuu ya Busia, Kenya, iliunga mkono uamuzi wa bodi ya elimu ya kaunti wa kuzifunga shule za kampuni hiyo zisizotimiza masharti. Busia yetu ikawa katika magazeti ya dunia.

Lakini mfanyakazi mwenye haki husema ukweli wote, hata ule usiompendeza. Mwaka 2022 ulitoka utafiti mwingine, naye Kremer yule yule akiwa mmoja wa waandishi. Ulilinganisha watoto waliopata nafasi za bure kwa kura katika shule za Bridge za Kenya na wale waliozikosa. Waliozipata walijifunza zaidi, tena kwa kiasi kikubwa. Basi tusiseme kwamba hakuna lililofanywa sawa. Somo lililopangwa vizuri lina faida. Mwalimu kufika kazini kila siku kuna faida. Mtu kuja kumkagua na kumsaidia kuna faida. Mambo hayo tunayataka katika shule za umma, na tuyadai.

Ila tazameni vizuri. Hata kampuni yenye mitaji mikubwa na mashine nyingi haikuweza kumwondoa mtu mbele ya darasa. Kila asubuhi ilimhitaji kijana mmoja asimame pale, aite majina, atulize makelele, ashike mkono wa mtoto mdogo. Mashine haikumfukuza mwalimu. Ilimshusha bei. Huo ndio ugomvi wetu. Kijana yule alifanya kazi ya mtu, akalipwa kama kiungo cha mashine.

MIAKA MIWILI YA SHULE KUFUNGWA

Aliyebaki na shaka akumbuke korona. Kenya ilifunga shule Machi 2020, na watoto wote wakarudi Januari 2021. Uganda ilifunga Machi 20, 2020, na shule zote zikafunguliwa Januari 10, 2022. Katikati, madarasa machache tu yaliitwa kwa muda, kisha yakafungwa tena. Ukoo mmoja wa Kisamia, mpaka mmoja: mtoto wa Funyula alikuwa darasani, binamu yake wa Masafu alikuwa nyumbani.

Masomo yaliletwa redioni, katika televisheni, magazetini na kwenye simu. Walioandaa walifanya kazi njema. Lakini nyumba nyingi za wafanyakazi hazina televisheni. Redio ikiwapo, betri ni za habari na za vifo. Simu ni moja, na baba ameondoka nayo alfajiri kwenda kukata miwa. Hata penye redio, mtoto wa miaka minane alikaa mbele yake dakika kumi, akauliza swali, redio haikumjibu, akaondoka kuchunga mbuzi. Wakubwa waliingia mashamba ya miwa na machimbo ya dhahabu ya Busitema. Wasichana wengine walirudi na watoto mgongoni, wengine hawakurudi kamwe.

Shule zilipofunguliwa, ni nani aliyekwenda nyumba kwa nyumba kuwatafuta? Tuliwaona walimu wakitembea kwa miguu, tena wengine walikuwa wameishi miezi mingi bila mshahara kwa sababu shule zao za binafsi zilikufa. Mwalimu aliingia uani akasema, "Mama, shikamoo. Nimemfuata yule msichana wetu." Neno hilo la "wetu" ndilo lililowarudisha baadhi yao.

SIMU INAYOJIBU KILA SWALI

Sasa limekuja jambo jipya. Tangu mwisho wa 2022, ilipotoka programu ya Kimarekani iitwayo ChatGPT na nyingine zilizofuata, kijana mwenye simu na bando anaweza kuuliza chochote akajibiwa papo hapo, hata kwa Kiswahili. Wengine wanasema: Basi, maktaba ya nini tena? Mwalimu wa nini?

Sisi tunasema sasa ndipo wanapohitajiwa zaidi. Mashine hizi hujibu kwa sauti ile ile ya uhakika, likiwa kweli au likiwa uongo. Hazioni haya. Zinaweza kutaja kitabu ambacho hakikuandikwa kamwe. Mtoto aliyefundishwa kunakili atanakili. Mtoto aliyepita mikononi mwa mkutubi atauliza maswali matatu: Nani amesema hivi? Amejuaje? Nani mwingine anasema hivyo hivyo? Maswali hayo hayatoki katika simu. Hutoka kwa mtu aliyekaa nawe na vitabu viwili vinavyopingana, akakuonyesha jinsi ya kuamua.

Na si jambo la mitihani tu. Vijana wetu wangapi wameletewa katika simu tangazo la kazi ya Ughaibuni, lina mhuri na picha ya ghorofa, wakauza ng'ombe wa baba kumlipa wakala asiyekuwapo? Kujua kupima habari ni kinga ya mfanyakazi kama vile kofia ya chuma. Uganda ilikubali mwaka 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Tunafurahi. Lakini hicho nacho hakitakuja kwa mashine. Kinataka walimu wa Kiswahili, na mtoto wa kijijini hatajifunza kuzungumza na mtu kwa kuzungumza na kioo.

Mwaka 2023 shirika la UNESCO lilitoa taarifa yake kubwa juu ya mashine katika elimu, na neno lake moja ni kwamba mashine iongezee kazi ya mwalimu, isichukue nafasi yake. Tukumbuke kwamba matajiri hawahitaji kuambiwa hivyo. Shule za watoto wao zina kompyuta, na zina walimu, na zina mkutubi anayelipwa. Ni mtoto wa mfanyakazi anayeambiwa achague kimoja.

MATAWI YAFANYE NINI

Maneno matupu hayavunji mfupa. Tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, katika mkutano wa wazazi, kila inapotajwa kompyuta, mwanachama asimame aulize bila kuogopa: Ni mwalimu gani amefundishwa kuitumia, na kwa siku ngapi? Nani atakuwa na ufunguo, na chumba kitafunguliwa saa ngapi? Ikiharibika nani ataitengeneza, kwa pesa za fungu gani? Na baada ya miaka mitatu, mfadhili akiondoka, nani atalipa? Majibu yaandikwe katika kitabu cha mkutano. Asiyeweza kujibu arudi akajipange.

Pili, penye shule au kituo cha watoto ndani ya shamba la kampuni, jambo hili liingie katika mapatano yetu na mwajiri, pamoja na nyumba na maji. Tusiombe kompyuta peke yake. Tuombe mwalimu wa kutosha na mtunza maktaba mwenye mshahara unaojulikana. Tusikubali kijana "kujitolea" mwaka baada ya mwaka. Kujitolea kusiko na mwisho ni kibarua kisicho na posho.

Tatu, tusimame na walimu. KNUT ilizaliwa mwaka 1957, na walimu wa Uganda wana UNATU yao. Mwalimu akigoma, mzazi huona mtoto yuko nyumbani, akakasirika. Ni haki yake kuuliza. Lakini aulize pia mwalimu anadai nini. Tukikataa kushushwa bei sisi, hatuwezi kufurahia mwenzetu akishushwa. Nasi tuwaambie walimu kwa udugu: na ninyi fikeni kazini, fundisheni, msiwape adui zenu sababu.

Nne, tuanze na tulicho nacho. Ofisi ya tawi ina meza na kabati. Tuweke sanduku la vitabu na magazeti, hata 50 tu. Tumchague kijana mmoja aliyemaliza sekondari na hana kazi, tumlipe kidogo kutoka mfuko wa tawi, afungue Jumamosi na Jumapili mchana. Awasomee watoto, awasaidie watu wazima kuisoma karatasi ya mshahara na barua ya kuachishwa kazi. Mwenye simu aje nayo, watafute pamoja, wapime pamoja. Hiyo ni maktaba. Siku kompyuta ikija itakuta mtu.

Ndugu, mkutano wa matawi ya upande wetu utalijadili jambo hili. Kila tawi lihesabu shule zilizo karibu nalo: walimu wangapi, watoto wangapi, vitabu viko wapi, ufunguo uko kwa nani. Njooni na hesabu hiyo imeandikwa. Kompyuta tutazihesabu baadaye.

Umoja ni nguvu.